Nanasi kwa Sikio, Pineapple kwa Jicho

Mnaotusikiliza kila wiki mnaijua desturi yetu: tunalishika neno moja, tunaligeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha tunaliuliza, wewe umetoka wapi, na umekuja na nani?

Leo nataka tupande matatu. Tutoke mjini Nairobi, tushike Thika Road, tupite Ruiru, tukateremke Thika. Ni safari ya kilomita 40 na kitu, na tangu barabara ile ipanuliwe na kufunguliwa mwaka 2012, ukiikwepa saa ya watu kutoka kazini humalizi hata saa moja njiani. Lakini leo tutachelewa kidogo, kwa sababu tutapitia Ureno, Ufaransa, Poland, Brazili na Uingereza.

Neno letu ni fupi. Lina herufi sita, na ukiondoa zile zilizorudiwa unabaki na nne tu. Nanasi.

Ndiyo, nanasi. Najua watu wa Thika mmeanza kucheka, kwamba huyu leo amekuja kutuuzia ng'ombe wetu wenyewe. Subirini kidogo. Kabla hatujafika kwenu kuna kituo kimoja njiani ambacho kitatusaidia, nacho ni Ruiru.

Mmewahi kumsikiliza makanga wa Thika Road kwa makini? Anaimba: Roysambu, Githurai, Kahawa, Ruiru, Juja, Thika! Kahawa, anasema, na abiria wanateremka Kahawa kama vile kuteremka ndani ya kikombe ni jambo la kawaida. Kahawa Wendani, Kahawa Sukari, Kahawa West. Mitaa hii imebeba jina la zao lililotanda huku kabla ya magorofa. Na ukifika Ruiru penyewe, pana kituo cha utafiti wa kahawa ambacho jina lake limetoka nje ya mipaka yetu, kwa sababu kule ndiko ilikozaliwa ile mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mtaalamu wa kahawa wa mbali, ambaye hawezi kuionyesha Ruiru kwenye ramani, analijua jina hilo.

Sasa sikiliza. Neno kahawa sisi tumelipata kwa Waarabu, qahwa, ambalo zamani za kale lilikuwa pia moja ya majina ya mvinyo. Mturuki akalichukua kwa Mwarabu, akasema kahve. Mwitaliano akalichukua kwa Mturuki, akasema caffè. Mfaransa, café. Mjerumani, Kaffee. Mholanzi, koffie. Mwingereza, coffee. Mpolandi anasema kawa, na ukimsikia kwa mbali utadhani ni mtu wa Ruiru anayesema haraka. Mfini wa kule kaskazini kwenye theluji anasema kahvi, utadhani ile h yetu bado anayo!

Umeona? Ulaya karibu yote, neno moja. Kwa nini? Kwa sababu karibu wote walinunua kupitia mlango mmoja. Mlango ulikuwa wa Mturuki, na aliyekuja kununua bidhaa aliondoka na jina lake. Hakuna aliyekaa chini kubuni jina jipya. Walisikia, wakarudia kama walivyosikia, kila mmoja kwa ulimi wake.

Nikumbushe jambo dogo hapa, maana watu wa Ruiru hawatanisamehe nikilipita. Kule Ethiopia, nyumbani kwa kahawa, kahawa haiitwi kahawa. Inaitwa buna. Mwarabu punje anaziita bunn. Na Kiswahili, kwa uroho wake mzuri, kimechukua yote mawili: kinywaji ni kahawa, punje ni buni, mti ni mbuni. Kwamba mbuni ni pia yule ndege mwenye shingo ndefu, hiyo ni kesi nyingine, tutaisikiliza siku yake. Lakini mkulima wa huku akikwambia mwaka huu ameuza mbuni nyingi, usimwonee wivu. Anazungumzia kahawa iliyokaushwa na maganda yake, ile ya bei ya chini.

Basi shikeni hilo la Ruiru: kahawa, Ulaya karibu yote, jina moja, kwa sababu walisikia wakarudia. Sasa twende Thika.

Tukiteremka steji pale Thika, kitu cha kwanza kukupokea si mtu, ni harufu. Kuna kijana mmoja namfahamu kwa sura, ana mkokoteni wenye sanduku la kioo, na ndani yake vipande vya nanasi vimesimama wima kama vitabu. Mtazame akifanya kazi. Analikamata nanasi kwa lile taji la majani, analisimamisha juu ya ubao, kisu chembamba kinashuka kutoka juu hadi chini, ganda linaanguka kwa vipande virefu. Linabaki tunda la manjano lenye vidoa vya kahawia, ambavyo sisi tunaviita macho. Hapo ndipo utamjua fundi. Mtu asiyejua atatoboa jicho mojamoja na kupoteza nusu ya tunda. Kijana huyu anajua kwamba macho yale yamepangwa mshazari, yanazunguka tunda kama ngazi ya mnara. Anafuata mstari, anachonga mfereji mmoja mrefu wa kuzunguka, macho yote ya mstari ule yanatoka pamoja. Anageuza, mfereji mwingine. Hata dakika mbili hazijaisha.

"Mzee, nikukatie?" ananiuliza.

Nikamwambia, "Nikatie, kijana wangu. Lakini kwanza niambie, hili kwa Kiingereza linaitwaje?"

Akanitazama kama mtu aliyepoteza akili. "Si ni pineapple."

"Na pine ni nini?"

Akasita, kisu mkononi. "Pine ni... ile apple yake."

Msimcheke, wasikilizaji. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi nililikata neno hilo vipande viwili, nikamwuliza mwalimu: apple naiona kwenye picha, hiyo pine ni kitu gani? Nikaambiwa niketi. Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na leo nataka nilijibu kwa niaba ya kijana wa mkokoteni na ya yule mtoto aliyeambiwa aketi.

Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Christopher Columbus na watu wake waliteremka kwenye kisiwa cha Guadeloupe, katika bahari ya Karibi. Wakakuta tunda ambalo hakuna mtu wa Ulaya aliyewahi kuliona. Sasa wewe ukikutana na kitu usichokijua, unafanyaje? Una njia mbili. Njia ya kwanza, unamwuliza mwenyeji: hiki mnakiitaje? Hiyo ni njia ya sikio. Njia ya pili, unakitazama, unasema, mbona kinafanana na kile cha kwetu! Hiyo ni njia ya jicho. Ya sikio na ya jicho. Tutazirudia mara nyingi leo.

Mhispania akaifuata ya jicho. Alitazama magamba yale yaliyopangwa mshazari, akakumbuka tunda kavu la mpaini wa kwao. Nyinyi mliopita misitu ya Kinale mnalijua, lile tunda gumu la miti ya paini, la magamba magamba, ambalo watoto huliokota kwa kuwashia moto. Mhispania huliita piña. Basi na hili jipya akaliita piña, mpaka leo.

Mwingereza naye akafanya vilevile. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jibu la swali langu la utotoni lilipojificha. Neno pineapple lilikuwepo katika Kiingereza tangu karne ya 14, miaka mingi kabla Mwingereza yeyote hajalionja nanasi. Lilikuwa na maana gani? Lilikuwa jina la lile tunda kavu la mpaini! Pine ni mpaini. Na apple zama zile halikuwa tufaha peke yake, liliweza kuwa tunda lolote. Lugha nyingine za Ulaya bado zina tabia hiyo: Mfaransa kiazi anakiita tufaha la ardhini, Mholanzi vilevile, na Mwitaliano nyanya anaiita tufaha la dhahabu. Basi pineapple maana yake ilikuwa tunda la mpaini, kwisha. Karne ya 17, matunda mapya yalipoanza kufika London, jina likahamishwa. Lile tunda la mpaini likanyang'anywa jina lake, likatafutiwa jingine.

Kwa hiyo, kijana wangu wa mkokoteni, pine siyo "ile apple yake". Pine ni mti ambao haumo kabisa katika habari hii. Na apple nayo haimo. Ni neno la viungo viwili na vyote viwili havihusiki.

Waingereza walilitukuza tunda lenyewe, sisemi hawakulithamini. Katika nchi ile ya baridi, kuotesha nanasi kulihitaji nyumba ya vioo na moto wa kuchochea usiku na mchana, kwa hiyo karne ya 18 nanasi moja lilikuwa mali ya tajiri. Waliokuwa na jina kubwa na mfuko mdogo walilikodi. Kweli, walilikodi! Unalichukua kwa usiku mmoja, unaliweka katikati ya meza wageni walione, asubuhi unalirudisha, halijaguswa. Kombe wanalopewa wanaume washindi wa tenisi pale Wimbledon lina nanasi la rangi ya dhahabu kileleni hadi leo. Na wachuuzi wa Thika wanatuuzia kipande kwa sarafu, tunakila tukitembea.

Haya, hiyo ndiyo njia ya jicho. Walioifuata ni Mhispania, Mkatalani jirani yake anayesema pinya, Mwingereza, na Mwelsh aliyelifasiri la Mwingereza kiungo kwa kiungo. Ukiwahesabu unaona ni wachache. Je, wengine waliobaki?

Wengine waliobaki walisikia. Kusini zaidi, katika nchi ambayo leo ni Brazili, Wareno walifika mwaka 1500. Waliwakuta wenyeji, Watupi, na Watupi walikuwa na jina la tunda lao: nana, au nanas. Mreno akalisikia, akalirudia, akasema ananás. Padri Mfaransa André Thevet, aliyefika Brazili na kuchapisha kitabu chake Paris mwaka 1557, aliliandika bila a ya mbele. Jean de Léry, Mfaransa mwenzake, mwaka 1578 akaandika ananas. Na kuanzia hapo neno likaenea Ulaya kama moto wa nyika. Mfaransa, ananas. Mjerumani, Ananas. Mholanzi, ananas. Mwitaliano, ananas. Mswidi, Mpolandi, Mcheki, Mrusi, Mgiriki, Mfini, wote, ananas. Mhungaria, ananász. Hata wanasayansi walipotafuta jina la Kilatini, jina ambalo Mwingereza naye analazimika kuliandika kwenye vitabu vyake vya mimea, wakachagua Ananas comosus. Comosus ni mwenye nywele nyingi, kwa ajili ya lile taji.

Ni kama ile kahawa ya Ruiru. Waliosikia wakarudia, na Poland haina mananasi ya kuotesha, lakini jina la Mtupi inalo.

Lakini neno likishaingia kwa watu, wenyewe hawalali. Wanalitumia wanavyotaka, na hapa ndipo raha ilipo. Mpolandi, akimwona mtu mjanjamjanja, mtundu, wa visa visivyoisha, husema, yule ni ananas! Yaani yule ni nanasi. Jaribu kumwambia hivyo jirani yako hapa Makongeni, Thika, uone atakavyokujibu.

Argentina wanaongea Kihispania, kwa hiyo ungetegemea waseme piña. Hawasemi. Wao tunda wanaliita ananá, kwa njia ya sikio. Na piña? Piña kwao ni ngumi. Ukienda sokoni Buenos Aires ukaomba piña, mwombee mchuuzi awe mtu mpole. Huko Uhispania penyewe, watu wakishikamana wakawa kitu kimoja wakati wa shida, husemwa wamefanya piña, kwa kuwa magamba ya tunda la mpaini hushikana barabara. Waingereza na Wamarekani nao, katika vita vikuu, bomu la mkono lenye miraba miraba waliliita pineapple. Unaona jinsi jicho linavyoendelea kuzaa? Tunda la mpaini likazaa tunda tamu, tunda tamu likazaa bomu.

Na Brazili je, nyumbani kwa Mtupi? Hapa neno linatufanyia mzaha. Mbrazili anaongea Kireno, lugha ileile iliyolitoa ananás kwao na kulitawanya duniani. Lakini nanasi analokula kila siku haliiti hivyo. Analiita abacaxi, ambalo nalo ni la Kitupi, na asili yake ni tunda lenye harufu. Na akipata jambo gumu, lenye miiba, ambalo hakuna anayetaka kulishika, husema hili ni abacaxi. Sisi tungesema mfupa uliomshinda fisi. Atakayejitokeza kulitatua husemwa analimenya nanasi. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilimkumbuka yule kijana wa steji na mifereji yake ya mshazari. Mbrazili angemtuma serikalini moja kwa moja.

Sasa turudi kwetu. Neno lilifikaje Thika?

Wareno walipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakajenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, wakatolewa ngomeni humo mwaka 1698. Miaka 200. Siwasifu, ukatili wao kwenye miji ya pwani umeandikwa. Lakini merikebu zao zilizunguka kati ya Brazili, Afrika na Bara Hindi, na ndizo zilizolimwaga tunda hili na jina lake katika Bahari ya Hindi yote. Ndiyo maana Mhindi anasema ananas, Mwarabu ananas, Mmalei nanas. Na Mswahili, nanasi.

Sasa tega sikio kidogo. Mreno alisema ananás, a ya kwanza ikiwepo, na mkazo mwishoni. Sisi tukafanya mambo matatu. Tukaongeza i mwishoni, maana Kiswahili hakipendi neno kufunga mdomo juu ya s. Tukahamisha mkazo, tukauweka pale tunapouweka siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho: na-NA-si. Na ile a ya mbele? Dhana yangu ni hii. Tunda katika Kiswahili linaingia kundi la chungwa na machungwa, embe na maembe. Chukua ananasi, tia ma ya wingi mbele, a mbili zinakutana, zinamezana, unapata mananasi. Halafu mtu akitaka moja, anaondoa ma yake kama alivyozoea. Anabaki na nini? Nanasi!

Na hapo, bila kukusudia, tukarudi mahali ambapo Mreno alikuwa ameondoka. Kumbuka yule padri wa mwaka 1557 aliliandikaje baada ya kuwasikia Watupi kwa masikio yake. Bila a. Kijana wa steji ya Thika akipaza sauti nanasi tamu, nanasi, anakaribia matamshi ya mwenyewe kuliko Mfaransa wa Paris.

Tena tukaongeza kitu cha kwetu wenyewe. Mfaransa ananas kwake ni tunda na ni mmea pia. Mswahili anatia m tu: mnanasi, minanasi. Amemaliza. Kama alivyofanya kwa kahawa, ambapo Mfaransa café kwake ni kinywaji na ni duka pia, mpaka uangalie sentensi. Mswahili akasema kahawa ni ya kunywa, mkahawa ni wa kuketi. Huo m wetu ni kisu cha kazi nyingi.

Halafu neno likapanda kutoka pwani, likafika kwa Wakikuyu. Kikuyu hakina s. Kikaweka pale th yake, ile ambayo Mswahili angeiandika dh, ndiyo ileile iliyomo katika jina Thika, ambalo wenyewe husema Dhika. Nanasi likawa inanathi, wingi mananathi. Mama wa sokoni anayesema mananathi hajui kwamba ametamka neno la Watupi likiwa limepitia Kireno na Kiswahili, na hana haja ya kujua. Amelisikia, akalirudia.

Ingieni mashambani kidogo. Ukiiacha Thika kuelekea Makuyu, au ukishika barabara ya Garissa, utaona minanasi imepangwa mistari hadi jicho linachoka. Ni ya Del Monte, na kiwanda cha kusindika kiko papa hapa Thika. Aina iliyojulikana sana huko ni Smooth Cayenne, ile ya majani yasiyo na miiba mingi, na hilo jina Cayenne ni la mji ulioko pwani ya kaskazini mwa Amerika Kusini, jirani wa Brazili. Mmea umekuja na anwani ya kwao. Na mnanasi, kwa wasioujua, haupandwi kwa mbegu. Unapandwa kwa taji au kwa machipukizi, na utangoja mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuonja kitu.

Kutoka kiwandani matunda yanaingia kwenye makopo, makopo yanaingia melini, meli inakwenda Ulaya. Na kule, msikilizaji, kwenye rafu ya duka la Ujerumani au Italia, kopo lililojazwa Thika linasomeka Ananas. Mwenzako wa Berlin analisoma, na hahitaji mkalimani kati yake na yule mama wa mananathi. Anayehitaji mkalimani ni Mwingereza.

Na hilo neno kopo? Nalo ni la Mreno, copo, kwake ni bilauri ya kunywea. Na meza ni mesa yake. Mtu wa Thika akisema weka kopo la nanasi mezani, Mreno angeelewa zaidi ya nusu ya sentensi.

Sasa nitoe hukumu yangu, halafu niwaache mle. Sidharau njia ya jicho. Sisi pia tumeifuata: yule ndege mkubwa tumemwita bata mzinga, wala si bata na wala hana mzinga. Mahindi tumeyapa jina la Mhindi, na asili yake ni Amerika kama nanasi lenyewe. Lakini njia ya jicho ina ila moja, inamfuta mwenyeji. Katika pineapple, Mtupi hayumo. Ukilikata neno unapata mti wa Ulaya na tunda la Ulaya. Katika nanasi, yumo. Watupi walionusurika maradhi na utumwa wa wageni walikuwa wachache mno, lakini kila asubuhi pale steji kuna mtu anaita tunda kwa jina walilolipa wao.

Kwa hiyo nina ombi, hasa kwenu wazazi na walimu wa Thika, Juja na Ruiru. Mtoto akikuletea nanasi akasema nanasi, usimsahihishe kwa kumwambia jina lake la kweli ni pineapple. Mfundishe pineapple, atalihitaji kwenye mtihani. Na akikuuliza pine ni nini, usimwambie aketi.

Wiki ijayo, saa hii hii, nitalishika lile neno mbuni, ndege na mti, tuone nani alimwibia mwenzake jina. Kama una dhana yako, tutumie ujumbe mapema. Mimi naenda kumalizia kipande changu. Kwaherini.